Mtambue Kunguni wa Kijani Kabla ya Kupuliza Dawa

Mdudu wa kijani mwenye umbo la ngao anapoonekana kwenye kunde au nyanya za uani, iwe Bunju, Tegeta, Mbagala au Chamazi, wengi wetu hukimbilia kopo la dawa ya mbu. Tunamwomba mtumiaji asubiri kidogo. Dawa ya ndani ya nyumba haikutengenezwa kwa ajili ya kupuliziwa chakula, na huenda mboga hiyo ikapikwa au kuuzwa kwa jirani jioni ileile.

Umbo lake
Kitaalamu huitwa Nezara viridula. Urefu wake ni takriban milimita 12 hadi 16. Mgongoni ana pembetatu, na kwenye ukingo wake wa mbele kuna vidoa vitatu vyeupe vilivyojipanga mstari mmoja. Akiguswa hutoa harufu kali. Watoto wake hawamfanani: huwa weusi wenye madoa meupe, hivyo hudhaniwa kuwa wadudu wengine. Ingawa tunamwita kunguni, hanyonyi damu wala hakai vitandani. Akivutwa na taa akaingia ndani, mtoe nje tu.

Makazi yake
Mtafute chini ya majani, kwenye maganda machanga ya kunde, kwenye matunda ya nyanya na katika magugu ya pembeni. Hufyonza utomvu, na nyanya aliyoifyonza hubaki na madoa meupe au ya manjano. Mayai yake hupangwa kwa makundi chini ya jani, mfano wa mapipa madogo.

Hatua za kuchukua
1. Kagua bustani asubuhi mapema, wadudu wakiwa bado wazito. Waokote na uwatumbukize katika maji ya sabuni.
2. Ondoa majani yenye mayai ya manjano. Mayai yaliyogeuka meusi yaache, kwani mara nyingi yamekwisha kushambuliwa na nyigu wadogo walio rafiki wa mkulima.
3. Ng'oa magugu.
4. Ikilazimu kutumia kiuatilifu, nunua kilichosajiliwa, kikiwa katika chombo chake halisi. Usikubali kilichomiminwa kwenye chupa ya maji.
5. Soma lebo. Zao lako lisipotajwa, usikitumie. Likitajwa, hesabu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, wala usizipunguze.

Jipime
Je, mdudu uliyemwona ana vidoa vitatu vyeupe? Je, lebo uliyoshika inataja mboga unayokusudia kuila?