Kangemi Ilikuwa Mbele Yako

*Shangazi, mimi ni karani Mombasa, umri miaka 41. Mwezi uliopita nilikuwa naendesha gari peke yangu kwenda kwetu Vihiga, nimebeba shilingi 140,000 tulizochanga ndugu watano ili nyumba ya mama iezekwe mabati. Nilifika Nairobi usiku. Nina dada mkubwa Kangemi, anauza mboga sokoni, lakini sikutaka kumsumbua, nikachukua chumba Westlands. Niliingia kasino ya karibu nipate chakula tu. Nilianza na 1,000 kwenye nyekundu. Nikipoteza naweka maradufu. Nilipoteza mara saba mfululizo. Asubuhi niligeuza gari. Nimewaambia injini iliharibika, lakini wameanza kuuliza. Je, niseme niliibiwa Nairobi? Na je, niache kusafiri peke yangu?*
*Msafiri, Mombasa*

Hesabu yako nimeipiga. Elfu moja, mbili, nne, hadi 64,000 ya mara ya saba: jumla 127,000. Gurudumu la ruleti kwa kawaida lina vishimo 37, vyekundu 18, vyeusi 18, na sifuri ya mwenye kasino. Kuongeza dau hakuiondoi sifuri hiyo. Kasino zina leseni tangu sheria ya 1966, kwa hivyo usiote kwamba kuna wa kukurudishia. Hayo tuyaache.

Nililolisoma mara ya pili ni lile la dada. Eti hukutaka kumsumbua! Mtu akitoka Mombasa akapanda Expressway pale Mlolongo, kilomita 27 baadaye inamshusha Westlands. Mbele kidogo, kwa Waiyaki Way hiyo hiyo ambayo ungeifuata asubuhi kwenda Nakuru, ndiyo Kangemi. Hukuhitaji kukata kona hata moja. Aliyechoka kweli hampiti dada yake akalipie kitanda, kisha akaacha kitanda chenyewe akatoka.

Kwa dada ungeulizwa maswali. Zile pesa ziko wapi? Hebu zihesabu tuone. Ungewekewa ugali na mrenda, ukatandikiwa kwenye kochi, na bahasha ikalala chini ya mto wake. Hicho ndicho ulichokikimbia, na ulianza kukikimbia kabla hujaiona hiyo kasino. Halafu umekivisha joho la heshima.

Msimamo wangu wasomaji wa safu hii wanaujua, na wengine umewachosha: mwenye ndugu njiani asilale hotelini akiwa na pesa za watu. Tumejifunza ustaarabu mpya wa kutowasumbua jamaa. Tunapita mlangoni kwao usiku, tunawapigia simu tukiwa tumeshafika Naivasha. Tunasema nyumba yao ni ndogo, choo kiko nje, watoto watalala chini. Wao wamelalamika lini? Mara nyingi tunachoficha ni harufu ya pombe, au mtu tuliye naye, au kama wewe, bahasha. Dada aliyerauka alfajiri kufuata mboga ili naye atie mchango wa mama hasumbuliwi na mgeni wa usiku mmoja. Anasumbuliwa na mabati yasiyofika.

Kuhusu wizi, usithubutu. Watakwambia ukaandikishe polisi, na kuwapa polisi habari za uongo ni kosa la jinai. Nairobi ina madhambi yake ya kutosha, usiitwike na lako. Kusafiri peke yako si tatizo. Hata ukipanda basi, kasino ziko huko huko Mombasa. Mkono ukiendelea kukuwasha, nenda hospitali kubwa iliyo karibu nawe umwone mshauri wa uraibu.

Ijumaa usiku panda basi. Jumamosi asubuhi chukua matatu ya Kangemi, umkute dada sokoni kabla ndugu wengine hawajajua, umweleze yote, uanzie pale ulipompita. Mwombe awe yeye mpokeaji: kila mwisho wa mwezi umtumie kwa M-Pesa kabla hujalipa kingine chochote, naye anunue mabati mwenyewe. Mama aambiwe ukweli na wewe, si na yeye. Dada akikufokea mbele ya wateja, nyamaza. Na jioni akikwambia ulale kwake, lala.