SOMO: TUJIFUNZE KUITAZAMA FILAMU YA MAMBO YA KWELI



Mtu aliyemaliza kisomo anajua kwamba barua huandikwa na mtu. Ikija barua kutoka mjini kusema una deni, hukubali tu kwa sababu ni karatasi. Unatazama chini kuona nani ametia sahihi. Filamu nayo ina mwandishi wake, lakini hapo wengi wetu bado tunapitwa. Hapa Majengo, Mpanda, tukikaa kwenye banda la video au mbele ya televisheni ya jirani, utasikia mtu anasema: "Hii ni kweli tupu, nimeona kwa macho yangu!" Haya, ameona nini? Ameona kile alichoonyeshwa na mwenye kamera.

Filamu za ngumi na za mapenzi hatuna shida nazo, kila mtu anajua ni mchezo. Leo tunazungumza juu ya zile zinazoonyesha watu wenyewe, kazi zao na mahali pao. Siku hizi huitwa filamu za hali halisi. Sisi tutasema filamu za mambo ya kweli. Wanaozitengeneza hufika mpaka huku kwetu. Wengine huenda Hifadhi ya Katavi wakati wa kiangazi, kupiga picha za viboko wanaobanana kwenye matope ya mto Katuma. Wengine huja kupiga picha za visima, za shule, za mashamba. Huenda kesho wakabisha hodi kwako. Kwa hiyo somo hili si la wapenda sinema peke yao.

Sauti isiyo na uso

Namna ya zamani sana hapa nchini ni filamu ya mafundisho. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Kazi ile iliitwa kwa kifupi Bekefilm. Walitengeneza filamu 35, wakazitembeza kwa lori hapa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yetu. Sauti ilitoka kwenye santuri. Filamu moja ilihusu kuweka akiba Posta. Mtu mmoja anafukia mshahara wake chini ya sakafu, mwizi anamchungulia, fedha inakwenda. Mwenzake anapeleka yake Posta, inabaki salama. Waliomo ni Waafrika kweli na nyumba ni nyumba kweli, lakini yule mwizi aliambiwa aibe. Huo ni mchezo uliovalishwa nguo za ukweli. Na aliyekuwa anasema na wananchi ndani ya filamu ile ni serikali ya kikoloni.

Namna ile haikufa. Mpaka leo filamu nyingi zina msimulizi, yaani sauti ya mtu usiyemwona. Yeye hukuambia uone nini, uhurumie nani, ucheke wapi. Mnawajua wale wanaotafsiri mikanda kwenye mabanda ya video, kama yule Lufufu aliyejulikana sana Dar es Salaam. Mchina kwenye picha analia, mtafsiri anaongeza lake, banda zima linacheka. Msimulizi wa filamu ya mambo ya kweli ana nguvu hiyo hiyo, ila yeye anasema kwa sauti nzito na hatumcheki.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Kigoma. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Mpiga picha Hugo van Lawick alifika mwaka 1962. Mwaka 1965 picha za Hugo zilitolewa katika filamu ambayo msimulizi wake alikuwa Orson Welles, mwigizaji maarufu wa Marekani. Mwanamume anaeleza kazi ya mwanamke aliyeko hai! Mikanda mingine ya Hugo ilikaa miaka mingi bila kutumika. Mwaka 2017 Brett Morgen akaitumia katika filamu iitwayo Jane, na safari hii unamsikia Jane akijisimulia mwenyewe. Mpiga picha ni yule yule na msitu ni ule ule, lakini aliyepewa maneno amebadilika. Mikanda ile ilikuwa bubu, kwa hiyo hata milio ya msitu unayoisikia humo iliongezwa baadaye. Tena fanya hesabu kidogo: Jane alifika 1960, Hugo 1962. Picha yoyote ya Hugo inayoonekana kama siku za kwanza za Jane porini lazima ilipigwa baadaye.

Na Serengeti je? Mwaka 1959 ilitoka filamu ya Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael. Walirukia ndege iliyopakwa milia kama punda milia. Michael alikufa ndege hiyo ilipoanguka mwezi Januari mwaka huo huo. Filamu yao ilipata tuzo ya Oscar, na Serengeti ikajulikana dunia nzima. Lakini mwaka huo wa 1959 Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishiwa Ngorongoro. Hatusemi filamu ndiyo iliyowahamisha. Tunasema ukipiga picha kutoka angani, nyumbu huonekana kundi zuri, na mtu haonekani uso.

Kutulia na kutazama

Wako watengenezaji wanaoikataa sauti ya msimulizi. Wanaweka kamera, wanakaa kimya, wanaacha kazi iendelee. Mmoja wao ni Mtanzania mwenzetu, Flora M'mbugu-Schelling. Mwaka 1992 alitoa filamu ya dakika kama 45, jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Mikono Hii". Inaonyesha wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda mawe kuwa kokoto huko Kunduchi, Dar es Salaam.

Hakuna anayekueleza kwamba kazi ni ngumu. Unasikia nyundo. Nyundo inapiga, jiwe linapasuka, nyundo inapiga tena, na picha haikatwi upesi. Ukikaa dakika kumi unaanza kuuona mkono wako mwenyewe. Sisi tunaipenda sana namna hii. Hapa Mpanda, tuliokaa miaka mingi na majirani wa Katumba na Mishamo waliokimbia Burundi mwaka 1972, tunajua jinsi mkimbizi anavyosemewa kila siku na watu wengine. Hapa anaachwa afanye kazi yake, nawe unatazama.

Hata hivyo usidhani kamera iliyonyamaza haichagui. Imewekwa hapa, haikuwekwa pale. Imewashwa saa nne, ikazimwa saa sita.

Mkasi

Kazi kubwa ya filamu hufanyika watu wakisharudi mjini na mikanda yao. Wanakata na kuunga. Mtu hupiga picha za saa mia moja, akatoa filamu ya saa moja na nusu. Nyingine zinabaki kabatini.

Tujaribu sokoni kwetu. Mama anauza dagaa wa Karema. Kamera inamsogelea mpaka uso unajaza kioo. Ametulia tu, anawaza mambo yake. Sasa baada ya uso ule unga picha ya ghala tupu. Watazamaji watasema: "Masikini, nyumbani kwake hakuna chakula." Ondoa ghala, unga picha ya mtoto anayejifunza kutembea. Watasema: "Angalia mama anavyofurahi." Uso haukubadilika hata kidogo! Mrusi aitwaye Lev Kuleshov alilionyesha jambo hili yapata miaka 100 iliyopita, akitumia uso wa mwigizaji mmoja na picha ya supu, kisha picha ya jeneza. Ukiongeza muziki wa huzuni hapo juu, kazi imekwisha.

Mwanza na mapanki

Sasa tufike penye ubishi. Mwaka 2004 Hubert Sauper wa Austria alitoa filamu juu ya Mwanza. Jina lake ni Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, ingawa huku kwetu wengi waliijua kama filamu ya mapanki. Haina msimulizi. Sauper anashika kamera ndogo, anakaa karibu na watu, mara nyingi usiku, anawauliza maswali mwenyewe. Hiyo ni namna ya mahojiano.

Unaona ndege kubwa zinatua. Zinapakia minofu ya sangara kwenda Ulaya. Kisha unaona watu wanaanika mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyobaki viwandani, na funza wamejaa. Kisha watoto wa mitaani. Swali moja linarudi tena na tena: ndege hizi zikija kuchukua samaki, zenyewe zinaleta nini? Watu wanajibu kwa maneno, na baadhi wanataja silaha. Lakini picha ya silaha zikishushwa Mwanza haimo.

Ulaya waliisifu. Mwaka 2006 ilipata tuzo ya César ya Ufaransa, na ilikuwa miongoni mwa zilizoshindania Oscar. Hapa nyumbani mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba inaipaka nchi matope, na Mwanza watu wakaandamana kuipinga. Huko Ufaransa nako mwanahistoria François Garçon aliishambulia, wakafikishana mahakamani, na Sauper akashinda.

Sisi tunasemaje? Mapanki yalikuwepo na watu waliyala. Hasira ya wakubwa haiwezi kuyafuta. Lakini picha mbili kuwekwa pamoja si ushahidi kwamba moja imezaa nyingine. Njaa ya mtoto na ndege ya minofu zinaweza kuwa na uhusiano, tena huenda ni mkubwa, lakini uhusiano huo hutakiwa kuelezwa kwa hesabu na habari za kutosha, usiachwe kwa mkasi peke yake. Mtu anaweza kushika mambo haya mawili kwa pamoja. Katika ubishi ule wengi walishika moja tu.

Jambo jingine halikuzungumzwa sana. Kelele zilipoanza, mwenye filamu alikuwa Ulaya. Mwandishi wa habari wa Mwanza aliyezungumza ndani ya filamu ndiye aliyekuwa hapa, na alipata misukosuko.

Kamera ikishikwa na wenyeji

Katika miaka ya 1990, huko Mtwara na Lindi, wavuvi walikuwa wanateswa na wenzao waliovua kwa baruti. Samaki wadogo na wakubwa wanakufa pamoja, miamba inavunjika. Kikundi kiitwacho Maneno Mengi kiliwafuata na kamera za video. Wanakijiji wakaeleza mambo yao, wakaonyeshwa mkanda, wakabishana, wakaeleza tena. Mikanda ikaonyeshwa kwa viongozi. Mvuvi asiyefika ofisi ya mkoa alifika kwa sauti na uso wake.

Namna hii ni nzuri, lakini isikulaze usingizi. Kijijini nako wako wenye sauti kubwa. Kamera ikija, nani ataishika? Mwenyekiti na shemeji yake, au pia yule mjane wa mwisho wa njia? Na siku hizi kila kijana ana simu inayopiga picha, kwa hiyo swali hili ni la leo.

Kabla ya kutia sahihi

Mgeni wa kamera akija, kwanza kuna kibali. Ipo Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na iko Bodi ya Filamu Tanzania. Muulize mwenyekiti wa mtaa au mtendaji kama wageni wamejitambulisha na wameonyesha karatasi.

Pili, watakupa fomu ya ruhusa. Zamani mtu aliweka dole gumba, basi. Wewe unasoma. Fomu za namna hii mara nyingi husema kwamba picha yako yaweza kutumika popote duniani, siku zote, bila malipo. Ikiwa imeandikwa Kiingereza, sema: "Ndugu yangu, niletee ya Kiswahili." Si ufidhuli. Uliza filamu itaonyeshwa wapi, na kama mtaa utaiona kabla haijatoka. Baki na nakala. Na ukikataa kupigwa picha, umekataa, hudaiwi maelezo.

Tatu, angalia unachoambiwa ufanye. Wakisema, "Mama, rudi kisimani, beba ndoo tena, jua lilikuwa limejificha," hilo ni jambo dogo, maana ndoo unabeba kila siku. Wakisema, "Vua viatu, toa redio mezani, funga kile kitenge kilichochanika," hapo wameshaandika barua yao, wanatafuta sahihi yako tu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Tazameni filamu moja ya mambo ya kweli kwa dakika tano mkiwa mmezima sauti. Mmeelewa nini? Washeni sauti, mrudie dakika zile zile. Nini kimebadilika?

2. Katika filamu hiyo, nani alizungumza muda mrefu? Nani alionekana lakini hakusema?

3. Mtu akitaka kutengeneza filamu juu ya Majengo na kuonyesha uchafu tu, atasimamisha kamera wapi? Akitaka kuonyesha maendeleo tu, je? Nendeni mkasimame pale pote pawili.

4. Je, yule mwandishi wa Mwanza angekaa kimya? Kila mtu atoe sababu zake.

5. Mmoja wenu aandike kwa Kiswahili fomu ya ruhusa ambayo ninyi mngekubali kuitia sahihi. Isizidi mistari kumi. Isomeni kwa sauti, na mkate maneno yasiyoeleweka.