Uliwahi Kukamatwa? Sema Ukweli Unapoomba Viza

Chukua mfano wa mama mchuuzi aliyekamatwa kwa kuuza bidhaa bila leseni, akafikishwa mahakamani, akalipa faini na kuachiliwa. Miaka mingi baadaye, bintiye aliye Marekani anamwalika akamtembelee. Je, kosa hilo litamnyima viza ya utalii?

Si lazima. Fomu ya DS-160, inayojazwa mtandaoni, huuliza iwapo mwombaji amewahi kukamatwa au kupatikana na hatia, hata kama alisamehewa. Jibu la mama huyu ni "Ndiyo", hata ikiwa cheti chake cha maadili mema kutoka DCI hakionyeshi kosa lolote. Afisa wa ubalozi ndiye huamua, akizingatia aina ya kosa. Makosa ya dawa za kulevya, wizi na ulaghai huwa na uzito zaidi.

Hatari kubwa ni kudanganya. Chini ya sheria ya Marekani, anayeficha jambo muhimu ili apate viza anaweza kufungiwa nje ya nchi hiyo maisha yake yote.

Kabla ya mahojiano, mwombaji anashauriwa:

1. Kuomba katika masijala ya mahakama nakala zilizoidhinishwa za hati ya mashtaka na uamuzi.
2. Kubeba risiti ya faini, ikiwa bado anayo.
3. Kujiandaa kueleza kwa ufupi alikamatwa lini, wapi, kwa kosa gani na kesi iliishaje.

Faini ilishalipwa. Jibu la uongo ndilo linaloweza kumzuia mama kumwona bintiye.