Ugonjwa wa Kusahau

Kila mtu husahau. Mtoto husahau daftari nyumbani, na mzee hutafuta miwani yake hali ameivaa. Huo si ugonjwa. Lakini mzee akiishika miwani yake mkononi, akaitazama asijue ni kitu gani wala chatumika kwa kazi gani, huyo amepatwa na jambo jingine, na watu wa nyumbani mwake yawapasa kulijua.

Ndani ya kichwa cha mtu mzima umo ubongo, ambao uzito wake hupata kama ratli 3. Kwa wazee wengine ubongo huo huanza kuharibika polepole. Chembe zake hufa, leo hizi na kesho zile, hata wote ukanywea. Mara nyingi sehemu inayoweka mambo mapya ndiyo iharibikayo kwanza. Kwa hiyo mgonjwa husahau chakula alichokula asubuhi, na huku akumbuka vema siku ya arusi yake.

Aliyeanza kuonyesha jambo hili waziwazi ni daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwezi wa Novemba mwaka 1901 alimkuta katika hospitali ya Frankfurt mwanamke wa miaka 51, jina lake Auguste. Daktari akamwambia aandike jina lake. Akaanza, kisha akasahau aliloambiwa. Mwenyewe alisema kwamba amejipoteza. Alipokufa mwaka 1906, daktari aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona vidonge vya uchafu kati ya chembe, na nyuzi zilizosokoteka ndani yake. Akawaeleza madaktari wenzake mwaka uo huo, nao hawakujali sana. Lakini mwaka 1910 ugonjwa ukaitwa kwa jina lake. Yako na maradhi mengine yaletayo kusahau kama huku, kama vile mishipa ya damu ya ubongo kuziba. Mwaka 2021 wagonjwa wa namna zote walipata milioni 57 duniani.

Kwa kutoyajua haya watu wametenda maovu makubwa. Bibi kizee hutoka usiku kwenda chooni, akapotea, akakutwa mlangoni pa jirani. Na jirani akapiga kelele kwamba ni mchawi. Katika nchi kadha wa kadha za Afrika wazee wamefukuzwa, hata wamepigwa, kwa sababu kama hiyo. Naye kosa lake ni kuugua.

Hata sasa haijapatikana dawa ya kuuponya ugonjwa wa Alzheimer, ingawa ziko dawa za kupunguza taabu yake kwa muda. Basi kazi kubwa ni ya watu wa nyumbani. Na itazamwe nyumba moja ya pwani, ambamo bibi mzee akaa na binti yake na wajukuu.

Bibi huyo mumewe alikuwa mvuvi, naye amekufa zamani. Lakini kila jioni bibi huuliza, “Babu yenu amerudi pwani?” Mwanzo mjukuu mkubwa alimjibu kweli: “Bibi, babu alikufa.” Bibi akalia kama mtu aliyeletewa habari ile siku ile, na kesho yake akauliza tena, akajibiwa, akalia tena. Mamaye akamwita kijana kando, akamwambia, “Mwanangu, wamfisha mumewe kila siku. Akikuuliza, muulize habari zake.” Tangu hapo mjukuu humwambia, “Bibi, babu alipenda kuvua samaki gani?” Bibi hutaja changu na kolekole, akaeleza habari za ngalawa yao, na machozi hayaji.

Mambo mengine ni ya mikono tu. Taa ndogo huachwa ikiwaka usiku katika njia ya kwendea chooni. Moto hauachwi jikoni pasipo mtu. Anayesema naye huja kwa mbele, si kwa nyuma. Husema neno moja, akangoja jibu. Wala hakuna amwambiaye, “Nimekwisha kukuambia!” maana maneno hayo hayamkumbushi kitu, ila humtia haya. Majirani nao wameelezwa, ili wakimwona njiani wamrudishe kwa upole. Tena siku moja alipochanganyikiwa kwa ghafula kuliko desturi, alipelekwa hospitali upesi, akaonekana ana homa ya malaria. Akatibiwa, akarudi katika hali yake.

Anayechoka zaidi ni binti yake, maana bibi huamka usiku. Mtu asiyelala huwa mkali hata kwa ampendaye. Kwa hiyo Jumamosi wajukuu hukaa na bibi, mama akapumzika.

Siku hizo hupewa minyaa, naye husuka ukili. Jina la mjukuu limempotea, humwita kwa jina la nduguye aliyekufa. Lakini vidole vyake havijapotea, na ukili hutoka sawa, hauna kasoro. Mjukuu aingiapo humwamkia, “Shikamoo, bibi.” Bibi huinua uso, akamtazama sana kama mgeni, kisha huitika, “Marahaba,” akasogea kidogo kumpa nafasi mkekani.