Gemu za Mtandaoni: Chuja Kabla Hujamkabidhi Mtoto Simu

Mtoto wa miaka mitano hana anachokitafuta kwenye gemu ya mtandaoni. Huo ndio msimamo wangu, na nautoa mapema ili anayetaka jibu fupi asipoteze muda. Lakini wengi wetu tumeshachelewa. Simu ya mama ndiyo simu ya nyumba nzima, mtoto anajua kuifungua, na gemu zimeshapakuliwa bila mtu kuulizwa. Kazi iliyobaki ni kuchuja.

Anza kwa kutenganisha gemu zinazochezeka bila bando na zile ambazo bila bando hazifunguki. Zima data, au weka simu kwenye hali ya ndegeni, kisha fungua gemu yenyewe uone. Subway Surfers, kwa mfano, inaendelea kama kawaida: mtoto anakimbia relini, anakwepa treni, anaokota sarafu, na hakuna mtu mwingine humo. Free Fire itagoma, kwa sababu anaopambana nao ni watu wenye simu zao huko waliko. Roblox nayo itagoma, na wala si gemu moja. Ni kama soko lenye mamilioni ya gemu zilizotengenezwa na watumiaji wenyewe, kwa hiyo ukiambiwa tu kwamba mwanao anacheza Roblox, bado hujajua anacheza nini. Kaa naye nusu saa umwombe akufundishe. Watoto hupenda sana kumwona mzazi anashindwa, na wewe utakuwa umeona kila kilichomo.

Kwa walio chini ya miaka minane hivi, mimi ningeishia hapo: gemu za bila data tu, na kwa muda mfupi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 haishauri kabisa skrini kwa mtoto ambaye hajafika miaka 2, na kwa wa miaka 2 hadi 4 inataka isizidi saa 1 kwa siku.

Wakubwa kidogo ndio wenye kazi. Kinachomshtua mzazi haraka ni pesa. Gemu hizi hupakuliwa bure, halafu ndani kuna almasi za Free Fire, kuna Robux, kuna nguo za kumvika mhusika na bunduki za rangi. Na vitufe vya kununulia havikuwekwa pale kwa bahati: Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wenye Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja baada ya mamlaka za Marekani kuishutumu kwamba mpangilio wa vitufe hivyo uliwafanya wachezaji wanunue bila kukusudia. Ingia Play Store, gusa picha ya akaunti yako, nenda kwenye mipangilio, na uweke kila ununuzi udai nenosiri. Kisha badilisha namba ya siri ya pesa za simu, kama uliwahi kumtuma mtoto dukani akalipe kwa simu yako. Ameikariri.

Kama ana simu yake au kishikwambi, mfungulie akaunti ya mtoto kupitia Family Link ya Google. Ni ya bure. Programu anayotaka kupakua itakuja kwako kwanza uikubali, na unaweza kuifunga simu yake ikifika usiku hata ukiwa zamu kazini.

Ugomvi wa kila siku, hata hivyo, ni ule wa “zima simu uje ule”. Mzazi anaona ukaidi. Ukikaa karibu uangalie, utaona jambo jingine: mechi ya mtandaoni haisimamishwi. Wachezaji 50 wameshuka kisiwani kwa miavuli, eneo salama linazidi kufinyika, na akiondoka anawaacha wenzake wa kikosi, ambao kesho watamsema shuleni. Kwa hiyo usimpimie dakika, mpimie mechi. Mechi ya Free Fire huchukua kama dakika 10. Mwambie kabla hajaanza: “Mbili, halafu mezani.” Ukimpokonya simu katikati utashinda leo, kesho ataenda kuchezea kwa jirani, ambako hakuna ulichokifunga.

China ilichagua njia kali zaidi. Mwaka 2021 iliagiza kampuni za gemu ziwaruhusu walio chini ya miaka 18 kucheza saa moja tu, kuanzia saa 2 hadi saa 3 usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Kwetu hakuna wa kukufanyia hivyo. Ratiba utaipanga mwenyewe.

Lililo zito kuliko yote ni watu asiowajua. Anayewinda watoto haanzi na matusi. Anamsaidia kushinda, anamsifia, anamtumia zawadi ya almasi. Baadaye anaomba wahamie WhatsApp, kisha anaomba picha, kisha inakuja “usimwambie mama”. Zima kuchati na sauti kwenye mipangilio ya gemu, kadiri gemu inavyoruhusu. Jina la kuchezea lisiwe jina lake halisi, wala lisitaje shule au mtaa. Halafu mpe mtoto sharti moja asilolisahau: akipewa kitu na mtu asiyemfahamu kwa sura, au akiombwa wahamie kwingine, aje aseme.

Akija kusema, usimnyang’anye simu. Hapa ndipo wazazi wengi tunapoharibu. Mtoto ameeleza ukweli, adhabu yake ni kunyimwa gemu, na safari nyingine hasemi. Mshukuru, hifadhi ujumbe wote bila kufuta hata mmoja, ndipo umzuie mtu huyo. Picha au vitisho vikishaingia, usijibizane naye. Tanzania na Kenya kuna namba ya huduma ya simu kwa mtoto, 116, na kupiga ni bure.