Machungwa ya Segera na sheria za Arusha

Ukitoka Chalinze, njia panda ya Segera ndipo safari inapogawanyika: kulia Tanga hadi mpaka wa Horohoro, kushoto Korogwe na Moshi hadi Holili au Namanga. Mchambuzi wetu wa masuala ya Jumuiya ya Afrika Mashariki anajibu maswali ya wanaoishi kwa barabara hizo.

Swali: Tuna Bunge Dodoma. Lile la Arusha la nini?

Jibu: Linatunga sheria za Jumuiya nzima. Kila nchi ina wabunge 9. Wetu huchaguliwa na Bunge la Dodoma, ila hawawi miongoni mwa wabunge wake. Mawaziri wa masuala ya Jumuiya nao huketi humo; huchangia, hawapigi kura.

Swali: Wakipitisha muswada, ndiyo sheria tayari?

Jibu: Bado. Wakuu wa nchi wote lazima waridhie. Mmoja akikataa, muswada hurudi bungeni. Ukipelekwa tena naye akashikilia msimamo, umekufa. Kwa hiyo mbunge asiyekaa na serikali mapema anajichosha bure. Kwa mfano, tazameni malori yanayopita hapo kwenu. Sheria ya kudhibiti uzito wa magari, yenye kikomo cha tani 56, Bunge hilo liliipitisha mwaka 2013. Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Miaka yote hiyo barabara ziliendelea kubeba uzito uliozidi.

Swali: Mimi nauza machungwa. Yananihusu nini haya?

Jibu: Yanakuhusu kuliko wengi. Mzigo uliozalishwa ndani ya Jumuiya, thamani yake isiyozidi dola 2,000, huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachotolewa hapo mpakani. Ukaguzi wa afya ya mimea unabaki palepale. Asiyekijua cheti hiki hupita njia za panya, au humwachia dalali kwa bei ya kutupa. Inaniuma, kwa sababu haki ipo, habari zake ndizo hazijafika kwenye genge. Mkataba wa Jumuiya wa 1999 wenyewe unakiri kuwa kutozishirikisha vya kutosha asasi za kiraia na sekta binafsi ni moja ya sababu zilizoivunja Jumuiya ya kwanza mwaka 1977.

Swali: Kero zetu tumpelekee nani?

Jibu: Anzeni na mbunge wa jimbo lenu. Yeye ndiye mpiga kura wa wale 9, na Mkataba unataka kumbukumbu za mijadala ya Arusha ziwasilishwe kwenye bunge la kila nchi. Mwulizeni amezisoma lini. Msiende na malalamiko ya jumla. Andikeni mzigo ulikuwa nini, mpaka upi, siku gani, mlitozwa kiasi gani, na kama mlipewa stakabadhi. Karatasi ya namna hiyo waziri hawezi kuijibu kwa hotuba.