Farasi Mwenye Pupa: Namna ya Kumtuliza Anaporuka Viunzi

Naandika kutoka Njoro, nchi ya ngano, baridi na matope. Najua wengi mtauliza: farasi na Chama cha Kiswahili, wapi na wapi? Swali zuri. Lakini Njoro na farasi wanajuana tangu jadi. Hapa ndipo alipokulia Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka wa 1902 akaletwa Kenya akiwa mtoto mdogo. Babake, Charles Clutterbuck, alifunza farasi wa mbio papa hapa. Binti huyo akawa mwanamke wa kwanza nchini kupata leseni ya kufunza farasi wa mbio, kabla hajavuka Bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka wa 1936. Asiyetajwa sana ni arap Ruta, rafiki yake wa utotoni, aliyefanya naye kazi ya farasi kwa miaka mingi. Hata leo vijana wa Bonde la Ufa huajiriwa kuwa masaisi, yaani watunzaji wa farasi. Mjomba wangu ni mmoja wao, nami humsaidia kila likizo.

Kwa hivyo somo hili si la matajiri pekee. Farasi mzima ana uzito wa kilo 450 hadi 500 hivi. Akienda kiunzini kwa pupa, hupima hatua vibaya, na anayeumia kwanza ni aliye mgongoni. Mwaka jana saisi mmoja kijana alivunjika mtulinga namna hiyo. Farasi mwenyewe ni jike mwekundu, sisi humwita Kiberiti. Mwenye shamba akasema wazi: asipotulia kufikia mwisho wa msimu, atauzwa. Basi mjomba akaanza kazi, nami nikaona hatua zifuatazo kwa macho yangu.

KWANZA, tafuta chanzo. Pupa si ukaidi. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari. Huko nyikani miguu ndiyo silaha yake. Wengine huharakisha kwa hamu, lakini wengi huharakisha kwa hofu: wanataka jambo liishe upesi. Chunguza meno, mgongo na miguu. Tazama kama tandiko linambana, kama lijamu linamkata mdomo. Uliza pia anakula nini. Farasi anayejazwa nafaka halafu anafungiwa bandani siku nzima, atakosaje kuwaka? Kiberiti alipunguziwa nafaka, akaongezewa nyasi kavu na muda wa kutembea malishoni. Tandiko lake nalo lilikuwa likimfinya begani, likabadilishwa.

PILI, mtulize kabla ya kumpanda. Mzungushe kwa kamba ndefu, kwanza kwa mwendo wa kawaida, kisha matiti, pande zote mbili. Usimkimbize ati achoke. Farasi aliyechoka bado ana hofu, na sasa miguu yake haina nguvu ya kumwokoa. Unachotafuta ni kichwa kushuka, pumzi kupungua na masikio kukugeukia wewe.

TATU, mikono. Hapa ndipo wengi huanguka mtihani. Farasi akiharakisha, mpandaji huvuta hatamu kwa nguvu zote. Lakini wapi! Farasi naye huegemea lijamu na kuvuta zaidi, na katika mchezo wa kuvutana na kilo 500, mshindi anajulikana. Mjomba husema, "Kaza kidogo, halafu achia. Akikusikiliza, mshukuru kwa mkono laini." Kaa wima, shusha pumzi, miguu imkumbatie bila kumpiga teke. Akizidi kuharakisha, mtoe kwenye njia ya kiunzi mapema umzungushe duara kubwa, la kipenyo cha mita 20 hivi, hadi mwendo urudi sawa. Usimgeuze ghafla akiwa amekaribia kuruka. Hapo utamwangusha, na utamfundisha kukwepa.

NNE, anza chini kabisa. Laza miti minne ardhini, umbali wa mita 1.3 hivi kati ya mmoja na mwingine, uurekebishe kulingana na hatua za farasi wako. Ampite kwa matiti. Miti humlazimisha kutazama miguu yake, na farasi anayefikiri hana nafasi ya kuwaka. Baadaye weka kiunzi kifupi cha sentimita 40 au 50, na mti mmoja chini, mita 2.5 hivi kabla yake. Mti huo ndio unaompimia hatua ya mwisho. Si kazi ya mkono wako. Usiongeze urefu mpaka mwendo wa kuingia na wa kutoka ulingane.

TANO, mwachie kichwa. Macho ya farasi yako pembeni. Huona karibu pande zote, lakini mbele kabisa ya paji lake haoni, na akifika karibu sana na kiunzi hakioni vizuri. Ndiyo maana huinua na kushusha kichwa ili apime. Ukimbana hapo, umemfunga kitambaa machoni. Zamani wapandaji walikuwa wakiegemea nyuma na kushika hatamu kwa nguvu wakati wa kuruka. Aliyebadilisha mambo ni askari wa Italia, Federico Caprilli (1868–1907), aliyefundisha kwamba mpandaji ainamie mbele, afuate mwendo, na mikono ifuate mdomo wa farasi. Leo karibu dunia nzima huruka kwa mtindo huo.

SITA, jua wa kuacha. Baada ya kiunzi nenda moja kwa moja, simama, mpapase shingo, mpe pumzi. Usirushe mara thelathini kwa siku moja. Akifanya vizuri mara mbili tatu, shuka. Mnyama hukumbuka jinsi somo lilivyokwisha.

Na Kiberiti je? Wiki tatu za kwanza hakuruka hata kiunzi kimoja, na watu wakamcheka mjomba kwamba anafundisha farasi kutembea. Wiki ya nane aliruka sentimita 80 hatamu zikiwa zimelegea. Hajawa malaika, akiona wenzake wakitangulia bado huchachawa, na huzungushwa duara kama kawaida. Lakini hakuuzwa, na saisi yule, mtulinga wake ulipopona, alimpanda tena.

Nawasihi wenzangu watakaopata kazi hiyo: msipande bila kofia ngumu, wala bila mtu mzoefu kusimama karibu. Na wale ambao hamtawahi kugusa farasi, tazameni punda wa mikokoteni pale sokoni. Anayechapwa ndiye anayeruka mitaro na kupindua mzigo. Anayeongozwa kwa upole hufika na maji yote. Haraka haraka haina baraka, na kiboko si mwalimu.